Mahitaji ya mwili katika netiboli

Netiboli, au mpira wa pete, huchezwa na timu mbili zenye wachezaji saba kila moja, katika kiwanja chenye urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Mechi kamili ina robo nne za dakika 15. Kiwanja ni kidogo, na hakuna anayekimbia masafa marefu kwa mkupuo mmoja. Kinachouchosha na kuuumiza mwili zaidi ni kusimama ghafla.

Aliyedaka mpira haruhusiwi kukimbia nao. Akitangulia kutua kwa mguu mmoja, anaweza kuuinua mguu huo, ila asiukanyagishe tena kabla ya kuachia mpira, na ana sekunde 3 tu za kutoa pasi au kufunga. Kwa hiyo mchezaji aliyetoka mbio na kurukia pasi hana budi kukata mwendo papo hapo. Kishindo cha kutua, kinachofikia mara kadhaa ya uzito wake, hupokelewa na kifundo cha mguu, goti na nyonga. Kuteguka kifundo ni jambo la kawaida. Kuchanika kwa ligamenti ya mbele ya goti hutokea mara chache zaidi, lakini humweka mchezaji nje kwa miezi mingi, na mara nyingi hakuna aliyemgusa: ametua mguu ukiwa karibu umenyooka, goti likaingia ndani na kiwiliwili kikageuka.

Kwa sababu hiyo kutua hufundishwa kama pasi inavyofundishwa. Mpango wa kuzuia majeraha wa KNEE wa Australia na ule wa NetballSmart wa New Zealand imeweka mazoezi ya kuruka na kutua ndani ya kupasha mwili moto. Mchezaji huanza kwa kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa na yameelekea vidole vya miguu; kisha mguu mmoja; kisha huku akidaka pasi; mwisho akisukumwa kidogo na mwenzake angali hewani. Sambamba na hayo huimarishwa misuli ya nyuma ya paja, makalio na vigimbi, kwa kuchuchumaa na kuinuka na kwa kusimama kwa mguu mmoja.

Nafasi nazo hazilingani. Senta huingia theluthi zote tatu, isipokuwa nusu duara za magoli, hivyo ndiye mkimbiaji mkuu. Humfaa mbio fupi za kurudiarudia zenye mapumziko mafupi, pamoja na kugeuka na kubadili upande. Mlinda goli na mfungaji hubaki theluthi moja, wakiruka, wakisukumana kugombea nafasi. Mlinzi lazima awe umbali wa angalau mita 0.9 kutoka kwa mwenye mpira, kwa hiyo hujinyoosha mbele juu ya mguu mmoja, mikono juu, na asipokuwa na vigimbi na kiuno imara huangukia faulo. Mfungaji hulenga pete iliyo mita 3.05 juu, isiyo na ubao nyuma yake. Kimo humsaidia sana, kama ilivyokuwa kwa Peace Proscovia wa Uganda, lakini mkono unaotulia wakati pumzi zinapanda hupatikana kwa kufunga mara tu baada ya mbio, siyo kwa kufunga ukiwa umepumzika.

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki mazoezi bado huanza na kuishia kwa kuzunguka uwanja wa mpira wa miguu. Hayo hujenga pumzi, lakini hayamwandai msichana kwa kutua hata mara moja, na yeye hutua juu ya saruji isiyonyonya kishindo au udongo wenye changarawe unaoteleza. Kocha asiye na kifaa chochote anaweza kutenga dakika 10 za kutua kila siku ya mazoezi. Katika mashindano kama UMISSETA ya shule za sekondari za Tanzania, ambako mechi hufuatana, ayatazame magoti ya wachezaji kuanzia robo ya tatu: anayeanza kutua huku magoti yakigongana amechoka, na mapumziko kabla ya robo ya nne ndiyo wakati wa kumbadilisha.