Landrover ya mzee: kuifunga mota ya umeme au kununua gari la umeme?

Kuna mdau wa Arusha kaniuliza swali, nikaona nilijibu hapa kwa kirefu maana hayuko peke yake. Baba yake ni dereva mstaafu wa watalii. Uani kwao ipo Landrover One Ten, lile sanduku la kona kona tunalolijua sote, injini imekufa. Mzee kapata kiinua mgongo, na mtu kamshauri aing'oe ile injini afunge mota ya umeme. Kijana anauliza: tufanye hivyo, au hela hiyo tununue gari lililotoka kiwandani likiwa la umeme?

Kwanza tuelewane kubadilisha gari ni kufanya nini. Inatoka injini, tanki, ekzosi na rejeta. Mota inakaa mahali pa injini, inaungwa na gia boksi kwa bamba la chuma lililochongwa kwa vipimo, hivyo gia boksi na difu zinabaki zilezile na four-wheel inaendelea kufanya kazi. Halafu kuna vitu ambavyo watu huvisahau kwenye bajeti: kompyuta ya kulinda betri, chaja, na kifaa cha kushusha volti za betri kubwa hadi 12 za taa na honi, kwa sababu alternata imeondoka na injini. Na pampu ya vakyumu ya breki. Hii iandikeni pembeni kabisa. Kwenye dizeli pampu hiyo inazungushwa na injini. Injini ikitoka bila kuwekwa nyingine, breki inakuwa ngumu kama unakanyaga ukuta.

Sasa umbo, maana hapa ndipo penye kazi. Upepo haupendi kona. Wahandisi wana namba ya kupima gari linavyopasua hewa, ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Tesla Model 3 ina 0.23. Landrover ya zamani inakaribia 0.6, na kifua chake ni kipana zaidi. Tena upepo haupandi sawa na spidi: ukizidisha spidi mara mbili, upepo unakusukuma mara nne.

Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu (uniti moja ya LUKU ndiyo kWh moja, kwa hiyo nitasema uniti tu). Kwa spidi ya 100, One Ten inakula kama uniti 23 kila kilomita 100 kwa ajili ya kupigana na upepo peke yake. Weka matairi, uzito wa tani mbili na umeme unaopotea ndani ya mfumo, unafika uniti 35 hivi. Betri ya uniti 50 inakupa kilomita 140. Ukitoka Dar, Chalinze utaipita, Morogoro hufiki.

Shusha spidi hadi 40. Upepo unakula chini ya uniti 4. Kinachobaki ni matairi na udongo, na betri ileile inaweza kukupa kama kilomita 200 kwenye barabara ya vumbi. Gari ni lilelile, kilichobadilika ni kazi.

Wanaobisha kwamba makampuni makubwa yameshamaliza tatizo la kona, waangalie Mercedes G ya umeme iliyotoka 2024. Ni sanduku jipya kabisa, na limebebeshwa betri ya uniti 116 ili lifike kama kilomita 470 kwa kipimo cha Ulaya. Hyundai Ioniq 5 inaonekana ya kona kona pia, lakini kona zake zimelainishwa kwa ujanja, namba yake ni kama 0.29. Landrover ya mzee huwezi kuilainisha.

Ndiyo maana kwa upande wetu wa Afrika Mashariki mabadiliko haya yamepata nafasi nzuri mbugani. Opibus, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2017 na vijana wa Sweden, ilibadilisha Landcruiser na Landrover za safari. Kambi ya Emboo kule Maasai Mara imetembeza wageni kwa magari ya namna hiyo, yanachajiwa kwa sola. Linatoka alfajiri, linatambaa polepole, linarudi kambini kuchaji. Halina mngurumo wala moshi, na mgeni analipia huo ukimya. Lakini oneni na hili: mwaka 2022 Opibus ikawa Roam, na nguvu zake nyingi ikazipeleka kwenye pikipiki na mabasi ya umeme. Kubadilisha gari moja moja, kila moja na kutu yake, ni kazi ngumu kuikuza.

Bei je? Mwaka 2022 Electrogenic ya Oxford, Uingereza, walitoa vifaa kamili vya Defender kuanzia pauni 24,000, kabla ya kodi na kazi ya fundi. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 70 za Kitanzania, na mzigo bado uko Uingereza. Ukitumia betri ya gari lililopata ajali bei inashuka, ila hapo unahitaji fundi anayeijua kazi kweli. Betri hizi zina volti 300 hadi 400. Hii siyo waya ya redio ya gari jamani, hii inaua.

Kabla hujatoa hata senti, ingia chini ya gari na nyundo. Bodi ya Landrover ni aluminiamu, inakudanganya. Chasisi ni chuma. Ukigonga ikatoa sauti butu au nyundo ikazama, acha. Na kumbuka Defender za zamani hazikuwahi kuwa na airbag. Mota ya umeme haiongezi hiyo.

Gari la kiwandani nalo lina mitego yake. Nissan Leaf za mwanzo, za kuanzia mwisho wa 2010, zina betri ya uniti 24 isiyopozwa kwa maji, na joto linaizeesha. Hesabu vijistari vya afya ya betri kwenye dashibodi, vikiwa kamili ni 12. Leaf za Japani zinachaji haraka kwa soketi ya CHAdeMO, magari yaliyokusudiwa soko la China yana GB/T, na skrini inaweza kuwa Kichina kitupu. Uliza soketi kabla ya kuuliza rangi. Wadau wa Kenya, gari linaloingizwa lisizidi miaka 8.

Makaratasi: Ufaransa tangu 2020 wana kanuni maalumu, gari liwe limezidi miaka 5 na uzito usipande zaidi ya asilimia 20. Wewe nenda TRA kwanza na bima kwanza. Kadi yako inasema dizeli na ina namba ya injini ambayo haitakuwepo.

Sasa kijana wa Arusha. Kutoka mjini kwenu hadi geti la Ngorongoro ni zaidi ya kilomita 150. Mkiifunga betri ya uniti 50, itafika geti hoi, kazi ya siku haijaanza. Ili hesabu ikubali, gari lilale Karatu au kambini penye sola, na mzee awe na mkataba wa maandishi na kambi inayolitaka. Kama mkataba upo, ongea naye mambo ya mota. Kama haupo na mnataka gari la mjini, Leaf yenye vijistari vingi itawafaa zaidi. Na kuna njia ya tatu ambayo huyo mshauri hakuitaja: injini ya dizeli iliyotumika, na sehemu kubwa ya kiinua mgongo inabaki benki. Mimi ningeanzia hapo.

Mwenye kumjua fundi wa Arusha au Moshi aliyebadilisha gari likapita masika mawili bila kuzima kwenye tope, aseme hapo chini. Picha ya betri ilivyofungwa itasaidia zaidi kuliko ya rangi mpya.