Mchwa Walioula Mji

Somo letu la leo ni la historia, lakini litawafaa hata nyumbani.

Mchwa sote twamjua. Hutoka ardhini, akajenga njia ya udongo ukutani, nasi tukiiona twaibomoa. Lakini yuko mchwa wa namna nyingine asiyehitaji udongo. Huyo hukaa ndani ya mbao kavu, na mara nyingi mwenye nyumba hana habari mpaka mbao imebaki ganda tupu. Mchwa waliofika ndani ya mbao ndio waliouharibu mji wa Jamestown, katika kisiwa cha St. Helena, kilichoko bahari ya Atlantiki, magharibi ya Afrika.

Mwaka 1840 Waingereza waliweka mahakama kisiwani humo. Manowari zao zilikamata merikebu zilizochukua watumwa kutoka Afrika kwenda Amerika, zikazileta huko. Watumwa waliachiliwa, lakini maelfu yao walikuwa wamedhoofika, wakafa na kuzikwa kisiwani. Merikebu zilivunjwa, na mbao zake zikauzwa. Wenyeji walizinunua kujengea. Kumbe mchwa kutoka Amerika ya Kusini walikuwamo ndani!

Kwa miaka mingi hakuna aliyeshtuka. Ilipofika miaka ya 1860, sakafu, milango na mapaa ya mji yalikuwa yameliwa. Hata katika maktaba mchwa walikula kurasa za vitabu, wakaacha majalada. Nyumba nyingi zilijengwa upya, nao wajenzi wakatumia chuma na msaji, mti mgumu unaomshinda mchwa.

Basi, ndugu, mchwa hao hawakuja kwa miguu yao. Waliingizwa nyumbani na watu wenyewe, pamoja na mbao. Kwa hiyo ukinunua kitanda au mlango uliokwisha tumika, kwanza ugonge. Ukilia kama kitu kitupu, jihadhari. Tazama chini yake: ukiona chembe ndogo ngumu kama mchanga, hicho ni kinyesi cha mchwa. Usiuingize ndani. Na kama wamekwisha ingia, kata sehemu yote iliyoliwa uichome moto mara moja, usiiweke ghalani.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Mchwa wa Jamestown walifikaje mjini?
2. Kwa nini hawakuonekana mapema?
3. Leo ukirudi nyumbani, utagonga mbao gani kwanza?

Kwaherini mpaka somo lijalo.