Mshtarii: Dhoruba Isiyo na Ardhi

Miongoni mwa sayari ambazo wahenga waliziona kwa macho matupu, Mshtarii ndiyo iliyobeba jina la sokoni. Jina hilo tumelipokea kutoka katika Kiarabu, na maana yake katika lugha hiyo ni mnunuzi. Ni ndugu wa neno mshitiri, ambalo washairi wetu wa kale walilijua vyema. Nuru yake tulivu haikumwonesha mtazamaji kwamba nyuma yake kuna pepo zivumazo usiku na mchana bila kukoma. Makala haya yanafuatilia jinsi wanadamu walivyoijua dhoruba ya sayari hiyo kwa takribani miaka mia nne, na yanatetea hoja moja: kilichokuwa kigumu kuliko vyote kukiwazia hakikuwa ukubwa wa dhoruba ile wala kasi ya upepo wake, bali ukweli kwamba chini yake hakuna ardhi.

Tuanze na vipimo. Upana wa Mshtarii kwenye ikweta ni takribani kilomita 143,000, na uzito wake unazidi ule wa dunia yetu mara 318. Pamoja na ukubwa huo, hujizungusha katika muda usiotimia saa 10. Sehemu yake kubwa ni hidrojeni na heli. Kinachoonekana katika darubini ni vilele vya mawingu yaliyopangika kwa mikanda, myeupe na ya kahawia, kila mkanda ukisukumwa na upepo wake, mmoja kuelekea mashariki na mwingine magharibi.

Galileo Galilei alipoielekeza darubini yake huko mwezi Januari 1610, aliona miezi minne ikiizunguka. Mawingu hakuyaona, kwani kioo chake kilikuwa hafifu. Ilipofika 1665, Giovanni Domenico Cassini aliripoti doa lililorudi mahali pake kila sayari ilipomaliza mzunguko, na kwa kufuata madoa ya namna hiyo akakadiria urefu wa siku ya Mshtarii kuwa saa 9 na dakika 56. Doa hilo lilionekana mara kwa mara hadi 1713, kisha likatoweka katika kumbukumbu za wanafalaki kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1831 Samuel Heinrich Schwabe wa Ujerumani alichora pango katika mkanda wa kusini, mahali ambapo leo tunaliona Doa Jekundu Kuu, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1870 rangi yake nyekundu ilikuwa imewashangaza watazamaji kote duniani. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba doa la Cassini na hili letu ni moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 chini ya uongozi wa Agustín Sánchez-Lavega wa Hispania umeonesha kwamba huenda sivyo: lile lilikufa, na hili likazaliwa baadaye.

Kila kizazi na ardhi yake

Wanafalaki walipoona mawingu, waliwazia kilicho chini ya mawingu. Hapo ndipo fikira zilipoanza kusafiri, na kila kizazi kilisafiri na ardhi yake.

Christiaan Huygens, Mholanzi aliyefariki mwaka 1695, aliacha kitabu kiitwacho Cosmotheoros ambacho kilichapishwa mwaka 1698. Katika kitabu hicho alihoji: ikiwa mawingu ya Mshtarii hubadilika, basi maji yapo, na ikiwa maji yapo, bahari ipo. Kwa kuwa sayari ile ina miezi minne, wakazi wake wangeweza kuitumia miezi hiyo kujua walipo baharini. Akawapa wakazi hao mabaharia na vyombo vya tanga. Tusimcheke. Huygens aliishi katika taifa la wasafiri wa bahari, na alifanya kile ambacho kila mwenye kufikiri hufanya: alikivaa kisichojulikana nguo za kile anachokijua.

Karne ya 19 iliiondoa bahari ile, lakini haikuiondoa ardhi. Richard Proctor wa Uingereza, katika kitabu chake cha 1870, aliieleza Mshtarii kuwa mwili wenye joto kali usioweza kukaliwa. Doa Jekundu lilipong'ara miaka michache baadaye, wako waliodhani kwamba ni kisiwa kinachoelea, kitu kigumu kilichosukumwa huku na huku juu ya bahari ya gesi. Mwaka 1932 Rupert Wildt alitambua methani na amonia katika mwanga wa sayari ile, na hewa yake ikajulikana kuwa ngeni kabisa kwa mapafu yetu. Hata hivyo, mwaka 1961 Raymond Hide bado alipendekeza kwamba doa lile ni alama ya kitu kilichosimama chini sana, juu ya uso mgumu: kama vile jiwe lililo kitakoni mwa mto linavyoyakoroga maji ya juu. Ilikuwa nadharia ya kisayansi iliyojengwa kwa hesabu safi. Lakini nayo ilihitaji mahali pa kusimamia.

Walioachana na ardhi mapema walikuwa watu wa hadithi. Hata jina tunalolitumia leo, jitu la gesi, chimbuko lake si maabara: mwandishi wa hadithi za kisayansi, James Blish, ndiye aliyelitunga kwa Kiingereza mwaka 1952, na wanasayansi wakalichukua kwake. Mwaka 1971 Arthur C. Clarke alichapisha hadithi ya rubani aliyeingia katika anga ya Mshtarii kwa puto. Clarke alijua kwamba katika hewa ya hidrojeni hakuna gesi nyepesi ya kutosha kulibeba puto, ila hidrojeni hiyohiyo iliyopashwa moto. Rubani wake hatui popote. Anaelea, anatazama, na anakutana na viumbe vikubwa vyenye umbo la yavuyavu, vielea kama yeye. Miaka mitano baadaye, Carl Sagan na Edwin Salpeter waliandika makala ya kitaalamu iliyouliza swali hilohilo kwa hesabu: je, viumbe vingeweza kuishi vikielea katika mawingu yale, vikizaliana kabla ya kuzama kwenye joto la chini? Hakuna kiumbe cha aina hiyo kilichoonekana. Lakini kwa mara ya kwanza fikira ilikuwa imekubali kukaa mahali pasipo na sakafu.

Shahidi wa dakika 58

Vyombo vya Voyager vilipita karibu na Mshtarii mwaka 1979, Machi na Julai. Picha zao zilipopangwa mfululizo, mawingu yalionekana yakitiririka kando ya Doa Jekundu, na vizingia vidogo vikimezwa na kubwa. Voyager 1 iliona pia umeme wa radi upande wa usiku. Doa halikuwa kisiwa tena. Lilikuwa upepo.

Ushahidi wa ndani ulikuja tarehe 7 Desemba 1995. Kichunguzi chenye uzito wa kilo 339, kilichobebwa na chombo cha Galileo, kiliingia katika anga ya Mshtarii kwa kasi ya kilomita 47 hivi kwa sekunde. Ngao yake iliungua sehemu kubwa, mwavuli ukafunguka, kikaanza kushuka na kutuma habari. Kiliripoti upepo uliozidi kilomita 600 kwa saa, nao haukupungua kadiri kilivyoshuka, jambo lililoonesha kwamba pepo zile hazitegemei jua pekee: sayari yenyewe hutoa joto kutoka ndani, zaidi ya lile inalolipokea. Baada ya dakika 58 hivi, katika mgandamizo unaozidi ule wa pwani zetu mara 20 na joto la nyuzi 150, kikanyamaza. Hakikugonga kitu. Kiliendelea kushuka hadi metali zake zikayeyuka na kuwa sehemu ya hewa iliyokizunguka.

Habari moja ya kichunguzi iliwatatiza wataalamu: kilikuta maji machache mno. Baadaye ilieleweka kwamba kilikuwa kimeingia katika eneo adimu ambapo hewa kavu hushuka, mithili ya mgeni aliyefika nchi ya mvua akatua kwenye jangwa lake pekee. Chombo cha Juno, kilichowasili Julai 2016, kilipima maji ya ukanda wa ikweta kutoka juu, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 yalionesha kuwa yapo kwa wingi zaidi. Shahidi yule hakusema uongo. Alisema alichokiona, na alikiona mahali pamoja.

Juno imetufundisha mengine. Pepo za mikanda huzama hadi kilomita 3,000 hivi. Doa Jekundu lenyewe lina kina kisichozidi kilomita 500. Katika ncha ya kaskazini vimbunga vinane vimeuzunguka mmoja wa katikati, na kusini vilikutwa vitano vikifanya vivyo hivyo. Mawingu yale hunyesha mvua ya mawe ya maji yaliyochanganyika na amonia, mawe yasiyoanguka juu ya paa wala shamba: hushuka, huyeyuka, hugeuka mvuke. Na chini zaidi hidrojeni hubanwa hadi ikawa kimiminika chenye tabia za metali. Hata kiini, ambacho wengi walitarajia kiwe mwamba ulio wazi, kinaonekana kuchanganyika taratibu na kilicho juu yake. Ardhi ile iliyotafutwa tangu Huygens haina mpaka ambao mtu angeweza kuuwekea unyayo.

Pale, kule na mle

Kwa msomaji wa Kiswahili, jambo hili si la unajimu tu. Lugha yetu imerithi hazina ya majina ya pepo kutoka kwa manahodha: kaskazi na kusi, matlai na umande, tufani, kisulisuli na chamchela. Lakini majina hayo yote yanadai pwani. Kaskazi ni kaskazi kwa sababu huvuma kuelekea mahali, na umande ni umande kwa sababu hutoka nchi kavu. Kimbunga nacho hupata nguvu kwenye maji ya moto ya bahari, na kikiingia bara hunyimwa riziki na kufa. Kile kilichoipiga Unguja mwezi Aprili 1872 kiliiangusha mikarafuu kwa maelfu, kisha kikapita. Dhoruba ya Mshtarii haina bara la kufia. Ndiyo sababu inaweza kudumu karne nzima na zaidi, ikiviringishwa kati ya pepo mbili zinazopishana.

Tuiite nini basi? Doa ni jina la mtazamaji wa mbali. Kimbunga kinakaribia, lakini kinapotosha: vimbunga vyetu huzunguka mgandamizo hafifu, ilhali Doa Jekundu huzunguka mgandamizo wa juu, na mkondo wake ni kinyume. Dhoruba ni neno pana, na kwa upana wake ndilo linalodanganya kidogo zaidi.

Ngeli ya mahali nayo inatupa kipimo kizuri. Tuna pa- ya mahali mahususi, ku- ya mahali pasipo mipaka dhahiri, na mu- ya ndani. Duniani twasema pale kwa sababu ardhi haihami chini ya kidole. Katika Mshtarii, wanafalaki wamelazimika kutumia mifumo mitatu ya longitudo: mmoja wa mawingu ya ikweta, yanayozunguka kwa saa 9 na dakika 50, mwingine wa mawingu mengine, yanayochukua saa 9 na dakika 55, na wa tatu wa uga wa sumaku uliomo ndani. Hakuna nukta ya kudumu inayoonekana. Kule kupo, na mle mmo, lakini pale hapapatikani. Mtoto aliyefunzwa ngeli vizuri angeweza kulieleza jambo hili kwa maneno matatu, na wanasayansi walilifikia kwa miaka mia nne.

Yasemwayo juu ya umaskini wa Kiswahili katika sayansi hayanishawishi. Istilahi hukosekana pale ambapo watu hawajaandika, na tiba yake ni kuandika. Blish hakuwa mwanafalaki, wala Clarke hakungoja kichunguzi kishuke ndipo aelee. Wote wawili walitangulia kwa lugha, na elimu ikawafuata kwa vipimo.

Kuna haraka pia. Mwishoni mwa karne ya 19 Doa Jekundu lilikadiriwa kuwa na urefu wa kilomita 40,000 hivi. Voyager zililikuta likiwa na kilomita 23,000. Mwaka 2014 darubini ya Hubble ililipima kuwa chini ya kilomita 17,000, ukubwa unaoizidi dunia yetu kwa kiasi kidogo tu. Lile la Cassini liliondoka bila shairi la Kiswahili. Hili lingali linaonekana, na beti hii nawaachia malenga waijibu:

Dhoruba isiyo pwani, itakwenda tua wapi?
Chombo kilizama ndani, saa yake ndiyo fupi,
Kilichoona mbinguni, kwetu kimeleta yapi?
Asouliza gizani, atajua njia ipi?