Roma Ilivyofika Ewuaso

Ukitoka Ngong ukishuka kuelekea Suswa utapita Ewuaso Kedong. Kwenye orodha ya wadi za Kajiado Magharibi inaandikwa Ewuaso Oonkidong'i. Ewuaso ni mto. Enkidong' ni kile kibuyu ambacho laibon hutia mawe, akakitikisa, akayamwaga na kuyasoma. Na ukoo wa malaibon wenyewe unaitwa Inkidong'i. Yaani hata kabla hujashuka kwenye matatu, jina la mahali limeshakutajia dini na madaraka.

Sasa nenda huko Jumapili ya msimu wa Krismasi. Spika za makanisa zitakuambia habari za Kaisari Augusto, Herode na sensa. Mtoto wa darasa la nne anawajua hao wote. Muulize Sir Donald Stewart ni nani, atakuangalia tu. Lakini hizi ni hadithi mbili za aina moja, na mimi naona ukizisoma pamoja kila moja inafunguka.

Tuanze Yerusalemu. Mwaka 63 KK ndugu wawili, Hyrcanus na Aristobulus, walikuwa wanagombania ukuhani mkuu na utawala. Kila mmoja akaona njia ya mkato ni kwenda kwa jenerali wa Roma, Pompey, aliyekuwa Syria na majeshi yake. Pompey akasikiliza wote wawili, akauzingira mji, akaingia hadi ndani ya hekalu. Hyrcanus akapata ukuhani wake, lakini taji la ufalme hakupewa. Tangu siku hiyo Wayahudi wakawa wanalipa kodi Roma. Hebu ona ujanja wenyewe: Roma haikuanzisha ugomvi wa ndugu. Iliukuta, ikachagua upande, ikatuma bili.

Sasa njoo huku kwetu. Laibon mkuu Mbatian alifariki karibu mwaka 1890, wakati sotoka ilikuwa inamaliza ng'ombe na ndui inamaliza watu. Akaacha wana wawili wakigombania nafasi yake, Olonana (vitabu vya shule vinamwita Lenana) na Senteu. Simulizi moja maarufu inasema Mbatian alimwambia Senteu aje alfajiri apokee vifaa vya ulaibon. Olonana akasikia, akamtangulia, na baba ambaye macho yalikuwa yamefifia akampa yeye. Ndiyo, ni kama Yakobo na Esau, na wanaoisimulia wanalijua hilo. Vita vya ndugu vikafuata. Olonana akawakaribia Waingereza, Senteu akabaki upande wa Wajerumani hadi alipokubali kushindwa mwaka 1902.

Waingereza nao wakafanya kama Pompey, kisha wakazidisha. Wakamtangaza Olonana kuwa chifu mkuu wa Wamaasai wote. Shida ni kwamba cheo hicho Wamaasai hawakuwa nacho. Laibon alibariki, alitabiri, alishauri kuhusu vita. Mambo ya kila siku yaliamuliwa na marika na wasemaji wao, il-aiguenak, na kila sehemu ya Wamaasai ilijisimamia. Serikali ilihitaji mtu mmoja wa kuweka sahihi, kwa hiyo ikamtengeneza.

Hapa ndipo Herode anaingia. Mwaka 40 KK Baraza la Seneti, kule Roma kabisa, lilimpa Herode cheo cha mfalme wa Wayahudi. Hakuwa wa ukoo wa makuhani, na hakuna Myahudi aliyepiga kura. Lugha ya Roma kwa watu kama yeye ilikuwa tamu sana: mfalme rafiki na mshirika wa watu wa Roma. Rafiki huyo alilinda mpaka, akaleta utulivu, na alijua fika kwamba aliyempa taji anaweza kulichukua.

Mtu anaweza kusema nalazimisha mfanano. Lakini hawa maafisa wa Kiingereza walilelewa na vitabu vya Roma. Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna wa nchi hii hadi 1904, alisomea Kilatini na Kigiriki Oxford na alikuwa kati ya wanafunzi bora wa kizazi chake. Kwa watu wa darasa lake, kumtawala mtu kupitia mkubwa wake mwenyewe lilikuwa somo la shule.

Mwezi wa 8 mwaka 1904, Stewart, aliyemrithi Eliot, alitia sahihi mkataba na Olonana na wenzake. Wamaasai waliondoka Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha hadi Nakuru, wakapewa maeneo mawili: Laikipia kaskazini na lingine huku kusini. Mkataba ukaahidi kwamba hayo ni yao maadamu Wamaasai wapo duniani. Waliachiwa pia kipande kidogo Kinangop cha kufanyia tohara, maili tano za mraba. Roma ilifanya vivyo hivyo: hekalu lenu kaeni nalo, ila ardhi na kodi ni zetu.

Herode alikufa mwaka 4 KK. Mwanawe Arkelao akashindwa kutawala, na mwaka 6 BK Roma ikamfukuza, ikaleta gavana wake na sensa ya kodi. Olonana naye alifariki mwezi wa 3 mwaka 1911. Hata mwezi haukuisha sawasawa, mwanzo wa mwezi wa 4 mkataba mpya ukatiwa sahihi, mwanawe Seki akiwemo. Laikipia ikaondoka. Maelfu ya watu na mifugo yao wakaswagwa kusini, na zoezi hilo likaisha 1913.

Mwaka huohuo Ole Njogo na wenzake walienda kortini. Majaji wakasema mikataba ile ilikuwa kati ya Taji na taifa lingine huru, kwa hiyo korti haina uwezo wa kuiamua. Soma tena hapo. Ulikuwa huru vya kutosha kupoteza ardhi, lakini si huru vya kutosha kumzuia anayeichukua. Rafiki na mshirika.

Ndiyo maana kile kibao juu ya msalaba kinanisumbua. Pilato aliandika "Mfalme wa Wayahudi", cheo kilekile ambacho Seneti ilimpa Herode. Kwa Roma, kosa la Yesu lilikuwa kuitwa kwa cheo ambacho Roma pekee hutoa. Imani iliyoanza na mtu aliyeuawa na dola ikaja kukumbatiwa na dola hiyohiyo. Konstantino akairuhusu mwaka 313, na mwaka 380 Theodosio akaifanya dini rasmi. Hata neno dayosisi lilikuwa jina la kiutawala la Roma, na leo parokia za Kajiado na Narok ziko chini ya Dayosisi ya Ngong. Imani ya watu waliotawaliwa ilipofika huku, ilikuja ikiwa imevaa nguo za watawala.

Sisemi Olonana alikuwa kibaraka. Alikuwa na watu waliochoka kwa njaa na magonjwa, na majirani wenye bunduki. Hyrcanus pia alikuwa na sababu zake. Swali langu ni la cheo: nani alikitoa, na kilimruhusu mtu kuuza nini?

Swali hilo halijaisha. Sheria ya 1968 iliunda ranchi za vikundi, na sahihi za wawakilishi wachache zikabeba ardhi ya familia nyingi. Kajiado ilivyokatwakatwa baadaye tunaiona kwa macho. Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba, Wamaasai waliandamana wakidai ardhi yao. Huko Laikipia polisi walifyatua risasi na mzee mmoja akafa. Na kila uchaguzi ukikaribia, mtu anavishwa shuka, anapewa rungu, anatangazwa msemaji wa jamii.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema ardhi ya jamii iliyosajiliwa haiuzwi mpaka theluthi mbili ya wanachama wakubali. Ni sheria kavu, haina hata mfalme mmoja ndani yake. Siku mtu akija Ewuaso na karatasi, akasema amezungumza na mkubwa wenu na mkubwa amekubali, mwombeni orodha ya majina.