Seva ya nyumbani inapogoma: Jinsi ya kuokoa data

SEVA ya kuhifadhia data nyumbani ni kisanduku chenye diski moja au zaidi, kilichounganishwa na ruta ili jamaa wote waweke picha, video na stakabadhi zao mahali pamoja.

Kinapogoma, hasara kubwa aghalabu haitokani na hitilafu yenyewe bali na pupa ya kuirekebisha. Kanuni ya kwanza ni kutofuta wala kufomati chochote kabla ya kubaini kiini cha tatizo, hata seva yenyewe ikipendekeza hivyo.

Seva isipoonekana mtandaoni, uchunguzi uanzie nje: waya wa umeme, kebo ya mtandao na taa za ruta. Anwani inayoanza kwa 169.254 huashiria kuwa seva haikupewa anwani na ruta. Mara nyingi hutosha kuzima vyote viwili, kuwasha ruta, kisha seva.

Seva kuukuu huweza kuwaka vyema ilhali tarakilishi inakataa kufungua folda zake. Tangu mwishoni mwa 2017, Windows 10 ilianza kuondolewa toleo la kwanza la itifaki ya SMB, ambalo udhaifu wake uliwezesha kirusi WannaCry kuenea Mei mwaka huo. Dawa ni kusasisha programu ya seva, si kurejesha itifaki hiyo.

Diski inayotoa mlio wa kugonga-gonga, au inayochelewa mno kufungua faili, huenda inakaribia kufa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta: faili zinakiliwe kwingine kwanza, ndipo diski ibadilishwe.

Katika mfumo wa RAID 1, ambapo diski mbili hubeba data ileile, nambari ya diski mbovu ilinganishwe na iliyo kwenye kibandiko chake kabla ya kuichomoa. Kuchomoa iliyo nzima kwaweza kuangamiza kila kitu.

Diski mpya isiwe ndogo kuliko ya awali. Kujaza diski ya terabaiti 4 kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa saba. Kwa kuwa stima yaweza kukatika katika muda huo, ni busara seva iunganishwe na betri ya akiba.

Hata hivyo, diski mbili ndani ya kisanduku kimoja si nakala ya akiba. Juni 2021, watumiaji wengi wa seva za WD My Book Live, ambazo programu yake ilisasishwa mara ya mwisho 2015, walikuta data yao imefutwa kupitia intaneti. Januari 2022, wahalifu waliotumia programu ya DeadBolt walifunga faili katika seva za QNAP na kudai fidia.

Kwa hivyo, seva isiachwe wazi kwa intaneti, na nakala nyingine ihifadhiwe nje ya nyumba. Nakala hiyo nayo ijaribiwe mara kwa mara kwa kufungua faili zake, kwani isiyofunguka haitamfaa mwenyewe siku ya msiba.