Jina Juu ya Ramani na Kazi Mkononi

Sisi tukaao Pasiansi na vijiji vya kando kando twaliona ziwa kila siku, hata pengine hatulitazami tena. Wavuvi huingia usiku na kurudi alfajiri, akina mama huanika dagaa, watoto huteka maji. Lakini ramani tuwafundishiazo watoto shuleni zina majina yasiyotoka kwa wavuvi wala kwa wazee wetu. Ziwa laitwa Victoria, kwa jina la malkia wa Uingereza ambaye hakuliona hata siku moja. Ghuba iliyo upande wa mashariki yaitwa Speke. Jabali lile lisimamalo majini pale mjini Mwanza laitwa Bismarck, kwa jina la waziri mkuu wa Ujerumani, ambaye naye hakufika huku kamwe.

Majina hayo yatupa jambo la kufikiri. Je, aliyeacha jina juu ya ramani ndiye aliyefanya kazi iliyo kubwa? Na mtu atakaye kuyajua makusudi ya Mungu juu ya maisha yake aanzie wapi, katika kutafuta jina au katika kushika kazi? Nataka tuwaangalie watu wawili waliofika kusini ya ziwa letu katika karne ya 19, ili maisha yao yatusaidie kujibu.

Wa kwanza ni John Hanning Speke, askari wa Kiingereza. Mwaka 1857 yeye na mwenzake Richard Burton waliondoka pwani kwenda bara, na Februari 1858 wakaliona ziwa Tanganyika. Waliporudi Tabora, Burton alikuwa mgonjwa. Basi Speke akaenda kaskazini pasipo yeye, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa letu kutoka kilima kilicho karibu na Mwanza. Alikaa hapa siku chache tu. Hakulizunguka ziwa, wala hakuiona ng'ambo yake. Lakini moyoni mwake alikwisha kata shauri ya kwamba hapa ndipo mto Nili uanzapo, akalipa ziwa jina la malkia wake.

Tukumbuke ya kuwa Speke hakufika peke yake. Wasukuma walikuwa wakivua samaki katika maji hayo tangu vizazi vingi. Tena pamoja naye alikuwako Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa angali mtoto, akauzwa utumwani mpaka Bara Hindi, akarudi Unguja akiwa mtu huru. Bombay ndiye aliyekuwa kinywa na sikio la Speke katika safari ile. Baadaye aliongozana na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron katika miaka ya 1873 hata 1875, akaivuka Afrika toka bahari hata bahari. Lakini mtoto wa shule akiulizwa ni nani aliyeliona ziwa mwaka 1858, hujibu kwa jina moja tu.

Speke aliporudi Tabora na kumweleza Burton habari zake, Burton hakukubali. Tangu hapo urafiki wao ukapoa. Speke alitangulia kufika Uingereza Mei 1859, akaenda mbele ya Chama cha Jiografia pasipo kumngoja mwenzake, akapewa sifa na safari nyingine. Katika safari hiyo ya pili, tarehe 28 Julai 1862, aliyaona maporomoko ya Jinja ambapo Nili hutoka ziwani. Na hata huko alifika pasipo mwenzake mpya, James Grant, kwa kuwa alikuwa amemtuma kwenda njia nyingine. Aliporudi kwao, mabishano na Burton yakazidi. Ikaamriwa wabishane mbele ya wataalamu mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla ya hapo Speke alikwenda kuwinda, na bunduki yake mwenyewe ikalipuka ikamwua. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Sasa, tusimhukumu bure. Neno alilolisema juu ya Nili lilikuwa kweli, na mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa lote kwa mashua akalithibitisha. Hapo ndipo lilipo fundisho. Mtu aweza kuishika kweli mkononi na bado akakosa amani, kwa kuwa aliitaka kweli ile iwe mali yake, yenye jina lake, asishirikiane na mwingine. Burton naye hakuwa bora, maana hakupenda kukiri kwamba mdogo wake amemshinda. Hivyo watu wawili waliouguzana katika hema moja walikuja kuwa maadui kwa ajili ya sifa.

Mtu wa pili ni Alexander Mackay. Alizaliwa mwaka 1849 huko Rhynie katika nchi ya Scotland, mwana wa mchungaji. Alisomea ualimu, kisha ufundi wa mitambo, akafanya kazi Berlin kwa mshahara mzuri. Mbele yake palikuwa na njia ya kuwa tajiri na mashuhuri. Stanley alipoandika barua kutoka Buganda kuomba walimu, na barua hiyo kuchapishwa katika gazeti la Daily Telegraph mwezi wa Novemba 1875, Mackay alijitoa. Mwezi wa Aprili 1876 alisafiri pamoja na wenziwe, watu wanane kwa jumla. Kabla hawajaondoka aliwaambia wakubwa wa misheni ya CMS kwamba wasistuke wakisikia baada ya miezi michache kuwa mmoja wao amefariki. Ikawa hivyo. Katika mwaka ule ule mmoja alikufa Unguja.

Wenziwe walitangulia bara, naye akabaki nyuma kwa maradhi. Kazi aliyopewa kwanza haikuwa ya kuhubiri mbele ya wafalme, bali ya kukata njia. Mwaka 1877 alifyeka njia kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, yapata maili 230, kwa shoka na jembe pamoja na vibarua. Hakuna ramani iitayo njia ile kwa jina la Mackay. Mwezi wa Desemba mwaka ule, wenziwe wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani Ukerewe. Mackay alipofika Kageye, mashariki ya Mwanza, mwezi wa Juni 1878, alikuta mashua ya misheni imeharibika. Aliitengeneza kwa mikono yake. Kisha akavuka kwenda Ukerewe kwa mfalme Lukonge, asichukue silaha, ili atafute amani na watu waliowaua ndugu zake. Mtu mwenye kutafuta heshima angalitaka kisasi kwanza.

Novemba 1878 alifika Buganda kwa kabaka Mutesa. Huko alikuwa mhunzi, seremala, mjenzi na mpiga chapa. Alichonga herufi, akachapa karatasi za kujifunzia kusoma, na vijana wakaja karakanani kwake kusoma huku moto wa mhunzi ukiwaka. Alipofariki mama yake kabaka mwaka 1882, Mackay ndiye aliyetengenezeshwa majeneza yake makubwa. Sifa za mikono yake zilienea, lakini hakuzigeuza kuwa biashara wala ukubwa. Alizifanya mlango wa kuwafikia watu.

Wala tusidhani kwamba alikuwa malaika. Mapadri wa Kikatoliki walipofika mwaka 1879, yeye na Padri Lourdel walibishana vikali mbele ya Mutesa, na wakuu wa baraza wakatazama wageni wa Kristo wakishindana. Mbegu ya mashindano yale ilizaa matunda machungu: mwezi wa Januari 1892 Wakristo wa vyama viwili walipigana kwa bunduki huko Mengo. Kujikweza si kwa mtu mmoja tu. Hata kundi laweza kujitafutia ukubwa na kuuita ukubwa huo kazi ya Mungu.

Taabu ikaja. Kabaka Mwanga aliwatesa wasomaji. Mwezi wa Januari 1885 vijana watatu walichomwa moto, na mwezi wa Juni 1886 wengi wakauawa Namugongo, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja. Mwezi wa Julai 1887 Mackay alifukuzwa Buganda. Miaka 9 ya kazi, na mwisho wake kufukuzwa! Alivuka ziwa akaja upande wetu, akajenga kituo Usambiro, kusini ya ziwa. Hapo nako Askofu Parker alifariki mwezi wa Machi 1888. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo walimu wote wa Kizungu, wa CMS na mapadri, walifukuzwa Buganda katika mashua moja. Njiani kiboko aliipiga mashua ile ikavunjika, ikabidi waitengeneze.  Waliokuwa hawawezi kukaa katika baraza moja walisafiri katika mashua moja. Unyenyekevu wa namna hiyo haufundishwi kwa maneno. Aghalabu watu hujifunza wakiisha kunyang'anywa ukubwa.

Mwezi wa Agosti 1889 Stanley alifika Usambiro na msafara wake akitoka kumwokoa Emin Pasha, akakaa karibu majuma matatu. Mackay alikuwa hajaiona nchi yake kwa miaka 13. Njia ya kwenda pwani ilikuwa wazi, na mwenzi wa safari alikuwa mtu aliyejulikana dunia nzima. Lakini hakwenda. Alikuwa na wasomaji wa kufundisha, maneno ya Injili ya kufasiri na kuchapa, na mashua aliyokuwa akiiunda kwa ajili ya ziwa. Mwezi wa Februari 1890 homa ilimshika akafa, umri wake miaka 40, na mashua haijaisha. Miezi michache baadaye Stanley alipokelewa London kwa shangwe kubwa. Hata hivyo Stanley mwenyewe aliandika kwamba tangu Livingstone hakupata kuona mmisionari aliye bora kuliko Mackay.

Tukiangalia kwa macho ya dunia, Mackay alishindwa. Alifukuzwa, wenziwe walikufa, chombo chake hakikumalizika. Lakini vijana waliosoma kwa karatasi zake waliwafundisha wengine. Mwaka 1896 Biblia nzima ilikuwa imekwisha fasiriwa kwa Kiganda, na mwaka ule ule Apolo Kivebulaya, mwalimu Mganda, alikwenda Mboga katika Kongo, akafanya kazi huko mpaka kufa kwake mwaka 1933. Mackay hakuyaona hayo. Makusudi ya Mungu yalipita mikononi mwake kama maji yapitavyo katika mfereji. Mfereji hauulizwi shamba liko wapi.

Basi, ndugu zangu, haya yatuhusu nini sisi? Siku hizi twapenda sana jina. Mtu akitoa bati kwa ujenzi wa kanisa hutaka litangazwe mbele ya watu wote. Ukifika wakati wa kuchagua wazee wa kanisa au halmashauri ya shule, wengine hupita nyumba kwa nyumba wakijisifu, na asiyechaguliwa huacha hata kuja ibadani. Kijana aliyemaliza masomo husema, “Nangoja Mungu anionyeshe kazi yangu,” naye hungoja miaka, maana aingojayo ni kazi yenye heshima. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wala unyenyekevu si uvivu, si kujificha, si kusema “siwezi” ili usitumwe. Mackay alijua kazi zake vizuri, akaandika barua nyingi za kuomba watenda kazi zaidi, wala hakuogopa kusema. Tofauti ni hii: alipoitwa kukata njia, hakudai mimbari kwanza. Bwana wetu naye, kabla hajaenda msalabani, alijifunga kitambaa akawaosha wanafunzi wake miguu.

Kwa hiyo anayetaka kujua Mungu amemkusudia nini, na aangalie kwanza kazi iliyo karibu naye isiyo na mtu: mjane ambaye paa lake linavuja, watoto wasiojua kusoma, kisima cha kijiji kilichojaa matope, jirani aliyegombana naye tangu mwaka jana. Aifanye, na mwenzake akisifiwa kwa kazi hiyo, asinung'unike. Na sisi walimu, tukiwafundisha watoto majina yaliyo juu ya ramani, tuwafundishe pia habari za Bombay, na za mtu aliyefia Usambiro na shoka la kazi mkononi.