Birika na Ufa Wake: Habari za Kuyalinda Maji Garissa na Wajir

Mtaa wa Iftin mjini Garissa, ambao jina lake kwa Kisomali maana yake ni mwanga, hauko mbali na Mto Tana. Walakini zimo humo nyumba ambazo chini ya ua wake limechimbwa birika la kuwekea maji, kwa kuwa mto ulio karibu si maji yaliyo nyumbani, na bomba likikauka siku mbili mikokoteni ya punda huanza kupita ikiuza maji kwa mtungi. Neno lenyewe limesafiri sana. Mtu wa Lamu akisikia birika atawaza chombo cha chai, au hodhi la msikitini la kutawadhia, ilhali Msomali hulitamka barkad, akakusudia shimo kubwa lililojengwa nyikani kwa mawe na saruji, lipokee maji ya mvua yatiririkayo juu ya ardhi na kuyaweka hata mvua nyingine; na asili ya maneno yote mawili ni birka ya Kiarabu. Habari za mabirika haya aghalabu husimuliwa kwa kutaja nani aliyachimba na nani aliyamiliki, nami naona sehemu yake yenye maarifa zaidi ni ile isiyosimuliwa, yaani jinsi watu walivyojifunza kuutambua mvujo na kuuziba.

Kabla ya saruji, watu wa nchi hii waliyategemea maji ambayo ardhi yenyewe iliwawekea. Wajir ilisimama juu ya mamia ya visima vifupi vilivyochimbwa katika mawe ya chokaa, na ni visima hivyo vilivyowafanya Waingereza kuweka kituo chao hapo mwaka 1912. El Wak nayo ingali inabeba katika jina lake habari ya kisima cha Waaq, ambaye ndiye Mungu katika lugha za Wakushi tangu zamani za kale. Fauka ya visima palikuwa na waro, mashimo mapana ya kukinga mvua, na baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ya kikoloni ikaongeza visima virefu na silanga, yaani madimbwi ya kuchimbwa, katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, kwa mpango ulioitwa kwa jina la mwanajiolojia Frank Dixey. Dimbwi la udongo huvuja likiwa jipya, kisha hujiziba kidogo kidogo kwa matope mepesi yanayotuama na kwa kwato za ng'ombe zinazoyashindilia. Na pale lisipojiziba, mafundi wa mabwawa nchini Kenya hutandaza udongo wa kichuguu, ambao mchwa wameufanya laini na mzito, wakaupiga hata ukashikamana.

Ama ustadi wa kulizuia jiwe lisivuje, pwani yetu iliujua mapema, na neno saruji lenyewe latosha kuwa shahidi: Uajemi na Omani saruji ilikuwa lipu ya chokaa na udongo uliochomwa, iliyopakwa katika mifereji na mahodhi kwa sababu maji hayakuweza kuipenya, karne nyingi kabla ya simenti ya viwandani kulirithi jina hilo midomoni mwetu. Huko Kilwa Kisiwani, katika jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14, liko hata leo hodhi la kuogea la pembe nane, lililojengwa kwa matumbawe na chokaa juu ya jabali linaloitazama bahari, zamani za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Hivyo basi anayedhani kwamba hodhi la kuogelea nyumbani ni mambo mapya yaliyoletwa na Wazungu amekosa hesabu kwa zaidi ya miaka 500.

Katika bara la Wasomali birika la saruji lilienea kwa sababu nyingine kabisa. Katika miaka ya 1950, wafanyabiashara waliochuma kwa kuuza mifugo Arabuni walianza kujenga mabirika katika nyanda za Haud, ambako hakukuwa na kisima, wakawauzia wafugaji maji wakati wa Jilaal, kiangazi kikali cha kuanzia Januari hata Machi. Desturi hiyo ilifika baadaye upande wa Kenya.

Sasa tupige hesabu ya maji yanayopotea. Birika la mita 20 kwa 10, sentimita moja ya kina chake ni lita 2,000, yaani mitungi 100 ya lita 20, au maji ya ngamia 20 wenye kiu kali, kwani ngamia aliyekaa siku nyingi bila kunywa aweza kumaliza lita 100 kwa mara moja. Jua la Garissa huweza kunyonya zaidi ya mita mbili za maji kwa mwaka, ndiyo kusema zaidi ya nusu sentimita kila siku kutoka birika lililo wazi. Kwa hiyo mwenye birika aonapo maji yanashuka, sharti kwanza ajue kama mwizi ni jua au ni ufa. Mizani yake ni ndoo: hujazwa maji ya birika lenyewe, ikasimamishwa juu ya ngazi hata maji ya ndani na ya nje yakalingana, ikatiwa alama pande zote mbili na kuachwa usiku na mchana, na ikiwa maji ya nje yameshuka kupita ya ndani, basi ile ziada haikuchukuliwa na jua. Ndivyo wafanyavyo hata wenye mabwawa ya kuogelea katika miji mikubwa ya dunia.

Kisha hutafutwa mahali. Maji yakishuka kwa kasi kwa siku kadhaa, halafu yakawa hayapungui ila kwa kiasi cha jua, ufa uko ukutani katika kimo kile yalipotulia. Yasipotulia kabisa, uko sakafuni, au pembeni pale ukuta unapokutana na sakafu, ambapo ndipo palipo dhaifu kuliko pote. Rangi kidogo ikidondoshwa katika maji yaliyotulia karibu na mahali panaposhukiwa, huvutwa kuelekea tundu. Na mti ulio kijani upande mmoja wa birika, ilhali wenzake wote wamepukutika, ni shahidi na mara nyingi ni mkosaji pia, maana mizizi yake ndiyo iliyopasua ukuta.

Kuziba ni kazi ya patasi na mwiko: ufa huchongwa upanuke, hufagiliwa, hulowanishwa, hushindiliwa simenti na mchanga msafi usio na chumvi kwa kipimo cha moja kwa tatu, kisha hupigwa niru, lipu laini ya simenti tupu, juu yake. Hapa ndipo ilipo taabu ambayo wengi hawaifikiri. Ufa hujulikana birika likiwa na maji, lakini hauzibwi sawasawa mpaka birika likauke, na birika hukauka katika Jilaal, wakati ambapo mtungi mmoja una thamani kuliko majira yote. Na simenti mpya isipomwagiliwa kila siku kwa juma zima au zaidi, hupasuka tena pale pale. Kumwaga maji ukutani mbele ya mbuzi wenye kiu ni jambo zito kwa moyo wa mfugaji, na mabirika mengi yaliyozibwa yakapasuka upya katika nchi hizi hayakukosa fundi, bali yalinyimwa maji ya kuikomaza kazi yake.

Enyi wenye mabirika wa Iftin, na ninyi wa Balambala, Habaswein na Wajir: kabla ndoo ya mwisho haijatekwa katika Jilaal ijayo, wekeni kando mapipa mawili, yafungeni, na myaandike kuwa ni ya fundi.